Kambare Mwenye Kope Ndefu

Wening alikuwa mtu wa kuchora hata akiwa anakula. Mkono wa kulia unapeleka wali mdomoni, wa kushoto uko kwenye karatasi, na karatasi ikikosekana, basi kwenye chochote kilicho karibu. Mara nyingi kilicho karibu kilikuwa mimi. Niliwahi kwenda kazini, kwenye duka la kuchapa ninapofanya kazi, nikiwa na bata watatu kwenye kiwiko. Nisingejua kama mteja mmoja asingeniuliza ni bei gani kuwachapa hao kwenye fulana.

Tulipanga vyumba vya jirani nyumbani kwa Bu Sarinten, yaani Mama Sarinten, kusini mwa Yogyakarta. Ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Wening akipiga chafya, mimi ndiye niliyetafuta kitambaa. Msimu ule wa mvua alikuwa na kazi nyingi. Alikuwa akichora meno yanayocheza ngoma kwenye ukuta wa daktari wa meno. Alikuwa na stika zake alizouza kwenye soko la Jumapili. Na alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kitabu cha watoto kuhusu soko ambalo wauzaji wake ni wanyama. Alikuwa amekichora, akakichana, akakichora tena.

Alipokipeleka kwa mhariri, mama mmoja makini aitwaye Bu Ambar, mama yule alifunua kurasa zote polepole, akakifunga, akavua miwani.

"Wanyama wako wamechorwa vizuri sana, Mbak," alimwambia, maana kwetu Mbak ni dada. "Tatizo ni moja. Wamekaa kama wanasubiri kupigwa picha ya kitambulisho."

Wening alirudi nyumbani, akajilaza sakafuni mlangoni kwangu, uso ukitazama dari.

"Galuh," akasema, "mbuzi wangu anasubiri kitambulisho."

Nilijaribu kujizuia. Wallahi nilijaribu. Lakini nilimkumbuka yule mbuzi, alivyosimama wima, masikio sawasawa, macho mbele, nikaangua kicheko. Wening alinikata jicho, kisha midomo ikaanza kumcheza, naye akacheka mpaka akajiviringisha chini ya kitanda changu.

Wiki hiyohiyo upepo ukaja ukachana bango la Cak Sodik.

Cak Sodik na mkewe, Ning Kasmi, walikuwa watu wa Lamongan, mashariki mwa Java, ambako kaka huitwa Cak na dada Ning, na mtu wa Lamongan akija mjini kuuza kambare wa kukaanga, haji bila bango lake la kitambaa lililochorwa kwa mkono. Ndilo linaloning'inia mbele ya hema, rangi zake zikikupigia kelele toka mbali: jogoo, bata, kambare. Hema lao lilikuwa pale mdomoni mwa kichochoro chetu, nasi tulikula pale karibu kila jioni. Upepo ulimkata jogoo kichwa, na kambare ukamwachia mkia tu.

"Mchoraji wetu kule nyumbani ana foleni mpaka baada ya Idi," Cak Sodik alilalamika huku akitwanga pilipili kwa hasira. "Nitauza vipi? Watu watadhani nauza mikia!"

Wening, mdomo umejaa, akanyoosha mkono. "Mimi nitachora."

"Wewe? Wewe si unachora meno?"

"Meno ni asubuhi, Cak. Mchana niko huru."

Cak Sodik alimtazama mkewe. Ning Kasmi alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa yanatosha.

"Mwache achore," akasema. "Akiharibu ataosha sahani mpaka Idi."

Bango lilichorwa uani kwa Bu Sarinten, ambaye alianua nguo zake zote akinung'unika, kisha akaleta kiti, akakaa kutazama, na hakuondoka tena. Siku zote Wening alitumia rangi za maji, zile zenye haya, unaona kama zinaomba samahani kwa karatasi. Safari hii alinunua kijani kinachong'ata, waridi ya kuumiza macho, rangi ya chungwa kama koti la askari wa barabarani. Akavua ndala, akapanda juu ya kitambaa, akaanza kutembea nacho kama mtu anayelima. Akamchora jogoo aliyetoa kifua kama mwenyekiti wa mtaa siku ya paredi. Akamchora bata anayewahi mahali.

Kisha akafika kwa kambare.

Kwenye mabango yote ya Lamongan, kambare huchorwa mkali: sharubu zimetanda, macho ya kibabe. Na Wening alianza hivyohivyo. Lakini mimi, niliyekuwa nimemshikia kopo la rangi, nilikuwa ninamsimulia habari ya bwana mmoja aliyekuja dukani kwetu kuchapisha kadi za harusi yake.

"Nikamwuliza, jina la bibi harusi? Akakuna kichwa. Akasema, 'Ngoja nimpigie.' Nikamwambia sawa, mpigie. Akampigia, na unajua alimwuliza nini? 'Mpenzi, hivi wewe mama yako anakuitaje?'"

Wening alicheka, brashi ikatetemeka mkononi, na pembe ya mdomo wa kambare ikapanda juu.

Akaacha kucheka ghafla. Akainama.

"Galuh. Usipumue."

Sikupumua. Bu Sarinten naye akabana pumzi kwenye kiti chake. Wening akagusa jicho kidogo, likatazama pembeni. Akaongeza kope, ndefu, zilizopinda. Aliponyanyuka, pale kwenye kitambaa alikuwa amelala kambare mnene, mweusi, anayeng'aa, mwenye uso wa mtu aliyenong'onezwa kichekesho msibani na hajui afanyeje.

"Yesu na Maria," akasema Bu Sarinten, ambaye kila Jumapili yuko kanisani kabla ya padri. "Huyu namjua!"

Jioni bango lilipotundikwa na taa zikawashwa nyuma yake, pikipiki zilianza kusimama zenyewe. Watu walipiga picha. Wengine waliingia, wakakaa, wakasukumana kwenye mabenchi. Cak Sodik alikuwa anatembea huku na huko akijipigapiga tumbo. "Mnaona? Mnaona? Nilisema mimi, huyu dada ana mkono!"

Kisha watu wakaanza kuagiza.

"Bata mmoja."

"Kuku, paja."

"Mimi tempe tu, Cak, soya yangu inanitosha."

Wa mwisho kufika alikuwa Pak Ponidi, yaani Bwana Ponidi, dereva wa pikipiki za abiria, mtu mwenye kifua kama kabati. Huyu kila siku ya Mungu alikula kambare wawili, wakavu, pilipili ya ziada. Cak Sodik hakuwa akimwuliza hata. Alimwona tu, akatia samaki mafutani. Jioni ile, kwa sababu ya furaha, aliuliza.

"Kama kawaida, Pak? Wawili?"

Pak Ponidi alifungua mdomo. Lakini Wening alikuwa amepaka rangi kwa ukarimu mno, ikapenya kitambaa, na taa za barabarani zikipiga kwa nje, kambare alionekana pia kutoka ndani. Alikuwa anamtazama Pak Ponidi usoni, kwa pembeni, akijizuia kucheka.

"Nipe," alisema Pak Ponidi, akakohoa. "Nipe tempe."

"Tempe?"

"Tempe na tofu. Na usiniulize maswali."

Benchi zima lilivunjika mbavu. "Pak Ponidi kaogopa samaki!" akapiga kelele mmoja.

"Sijaogopa! Wewe umeagiza nini?"

Yule aliyepiga kelele akatazama sahani yake. "Bata," akasema taratibu.

Msichana mdogo aliyekuwa na mama yake akasema kwa sauti ambayo hema zima liliisikia, "Mama, ukimla huyo, siongei na wewe tena."

Ndoo ya kambare ilirudi nyumbani imejaa, na wote wazima. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa pia. Watu walikuwa wanakuja kwa wingi, wanamsalimia kambare, wanakula bata. Bata waliisha mapema kila siku. Cak Sodik alianza kukonda usoni, maana bata ni ghali na kambare ndio waliokuwa wakimlipia kodi ya kiwanja.

Wening aliona aibu, lazima niseme hivyo. Alijificha nyuma ya hema, akajifunika uso. Lakini nilipomfuata kumtuliza, alinikamata mikono miwili, akaanza kurukaruka na mimi kama tunaruka kamba.

"Wamemhurumia! Galuh, wamemhurumia! Rangi na kitambaa, wamemhurumia!"

"Punguza sauti, mwenye biashara anasikia!"

"Hakuna aliyewahi kumhurumia mbuzi wangu!"

Akaahidi kurekebisha. Alikuja mchana na makopo yake, akampaka kambare nyusi za hasira. Labda mkono haukutaka, sijui. Nyusi zilipokauka, alionekana kama amefiwa. Jioni ile akina mama walisimama mbele ya bango wakisema, "Pole, mwanangu, pole." Hata bata hawakuuzwa vizuri. Kesho yake akazifuta, akamvalisha miwani ya jua. Ndiyo kabisa akaharibu. Wanafunzi wa chuo wakaja kwa makundi, wakapanga foleni kupiga naye picha, na mmoja akaniuliza kwa heshima zote kama huyo kambare ana meneja.

Asubuhi iliyofuata, Cak Sodik alisimama getini kwa Bu Sarinten akiwa na ndoo.

"Mbak Wening! Toka uje upokee ndugu zako!"

Wening akatoka na kalamu sikioni. "Cak, samahani, nitajaribu tena leo, ninafikiria nimtie..."

"Usimtie kitu! Ukimtia kitu kingine watu wataanza kumwozesha!" Akaweka ndoo chini. Kambare walikuwa wanajipindua ndani, wameshiba, wana afya kuliko sisi. "Hawa wamekaa kwangu kama wageni wa harusi. Mimi sina moyo tena wa kuwakaanga, maana mke wangu jana kampa mmoja jina. Wachukue."

"Niwaweke wapi?"

"Utajua wewe. Ndoo naihitaji."

Bu Sarinten, ambaye hapendi mgeni aondoke bila chai, alimkalisha Cak Sodik barazani. Na kwa kuwa ndoo ilihitajika, alifanya lililomjia kichwani: aliwamimina kambare wote kwenye tangi la maji la bafuni. Hakumwambia mtu.

Mimi niliamka, nikachukua taulo, nikaenda kuoga. Mimi asubuhi si mtu. Macho yangu hufunguka kwenye kata ya tatu ya maji, si kabla. Nikachota kata ya kwanza, nikajimwagia kichwani, na kitu kizito, baridi, chenye sharubu, kikanitelezea mgongoni kikaanguka sakafuni kikipiga makofi.

Yowe nililolitoa, nasikia, lilifika hadi kwa daktari wa meno.

Nilitoka mbio na taulo, maji yakinichuruzika, nikapita barazani nikilia, "Nyoka! Nyoka mnene!" Kambare akanifuata kwa nyuma akiruka kwenye sakafu iliyolowa. Bu Sarinten akamfuata kambare na ufagio, Wening akamfuata Bu Sarinten, na Cak Sodik, aliyekuwa amenuna tangu afike, chai ikamtoka puani. Alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Alicheka akishika nguzo. Kila aliponyamaza alinitazama, akaanza upya.

"Nyoka mnene!" alikuwa anasema. "Mwenyezi Mungu! Nyoka mnene!"

Baada ya pale hasira haikurudi tena. Alikubali chai ya pili. Wening, akiwa amemkumbatia kambare aliyekuwa akihangaika, alimwomba msamaha kwa dhati, naye akapunga mkono. "Kasmi atajua la kufanya," akasema. "Mimi nimechoka kufikiri."

Na Ning Kasmi alijua. Jioni, watu wakiwa wamejaa mbele ya hema na kamera zao, alitoka na mkasi wa kukatia kuku. Akamwita Wening karibu.

"Mbak, unampenda huyu?"

Wening akautazama mkasi. "Nampenda, Ning."

"Basi mchukue, nenda naye."

Akachoma ncha ya mkasi kwenye kitambaa, pembeni ya mkia, akaanza kukata. Umati ulitoa sauti moja, "Aaaah!" kama uko kwenye chumba cha upasuaji. Ning Kasmi hakugeuka. Alifuata mstari wa mgongo, akazunguka kichwa.

"Taratibu hapo kwenye sharubu!" akapiga kelele Pak Ponidi, jasho likimtoka. "Taratibu, dada yangu, nakuomba!"

Kambare alilegea, akaanguka mikononi mwa Wening, mzima, na sharubu zake zote. Watu wakapiga makofi.

Ndipo tulipoona kilichobaki. Bangoni palikuwa na tundu lenye umbo la kambare, na ndani ya tundu hilo, katikati ya mwanga wa taa na moto wa jiko, ulikuwepo uso wa Cak Sodik, kijasho kikimetameta, ameinamia karai lake. Hakujua kama anaonekana. Alitia samaki mafutani, mafuta yakalia shaaa, moshi wa kitunguu saumu na bizari ukatoka kwenye lile tundu moja kwa moja puani mwetu.

Watu wakasogea karibu kunusa.

"Kumbe kambare mwenyewe ni wewe, Cak!" mtu akasema kwa nyuma.

Cak Sodik akainua kichwa, akatuona, akashtuka. Kisha akatabasamu, pembe moja ya mdomo ikipanda juu.

Pak Ponidi akavuta pumzi ndefu ya ule moshi, akaingia ndani, akakaa kwa kishindo. "Wawili," alisema. "Wakavu. Pilipili ya ziada." Na alikuwa kama aliyefungua bomba. Kila mtu alitaka kambare. Wale wa kupiga picha walimpiga Cak Sodik ndani ya tundu lake, na kesho yake tulimkuta amenyoa ndevu, amepaka mafuta ya nywele, na Ning Kasmi akatwambia kwamba sasa anageuza samaki kwa madaha kama anachezea filamu.

Wening alimtundika kambare wa kitambaa ukutani, ukuta ule mwembamba, akamtazama siku nzima. Halafu nikaanza kusikia kelele upande wa pili. Alikuwa anacheka peke yake. Nilipoingia, mbuzi na wenzake walikuwa kwenye takataka, na sakafu nzima ilijaa kambare. Kambare aliyetoroka bangoni anavuka barabara, amezishika sharubu zake mikononi zisikanyagwe na pikipiki. Kambare anaomba kazi kwa fundi cherehani, anapimiwa suti, fundi anatafuta mabega hayaoni. Kambare yuko kwa kinyozi, na kinyozi anamwuliza, "Tuzipunguze?"

"Halafu?" nikauliza.

"Subiri, nikuoneshe!" Akasimama, akaigiza kambare kwenye kiti cha kinyozi, macho pembeni, mwili mzima ukikataa. Nikalia kwa kucheka. Bu Sarinten akaja kuuliza kuna nini, akaoneshwa, akalia naye.

Daktari wa meno alipiga simu siku zile. "Mbak, sikusumbui," alisema kwa upole, "ila jino langu la mwisho halina miguu, na wagonjwa wanauliza kama ni ajali." Wening alikimbia akaenda akalitia miguu, akarudi mbio kwa kambare wake.

Siku ya kwenda kwa mhariri niliomba ruhusa kazini, nikampeleka kwa pikipiki. Alikataa kumkunja kambare ndani ya mfuko, eti atapata mikunjo. Kwa hiyo alimshika juu ya kichwa chake, upepo ukampepea, na mji mzima ukatuona tukipita na samaki anayepunga mkia. Kwenye taa nyekundu, dereva wa lori alichungulia.

"Mnampeleka hospitali huyo?"

"Tunampeleka akachapishwe!" Wening akajibu, na taa ikawa kijani.

Bu Ambar alianza kusoma. Sisi tulikaa mbele yake kama watuhumiwa, kambare magotini mwetu. Ukurasa wa kwanza, akarekebisha miwani. Wa pili, akasogeza kiti. Alipofika kwa fundi cherehani, niliona mabega yake yanatikisika kidogo. Kwa kinyozi aliweka mkono mdomoni, haikusaidia; ikamtoka sauti ya ajabu, kama birika linaloanza kuchemka, na msichana wa meza ya pili akageuka kutazama.

"Kutoka kwa kinyozi anakwenda wapi?" Bu Ambar aliuliza, akijifuta macho.

"Sijui bado, Bu."

"Kajue, basi. Ukijua uje. Mkataba nitauandaa wiki hii, usije ukampeleka kwa mwingine."

Wening alisema asante kwa adabu kamili, akainama kidogo, akashuka ngazi polepole kama binti wa kasri. Tulipofika kwenye maegesho akapiga yowe lililomfanya mlinzi aje na rungu. Tukamweleza. Mlinzi akamtazama kambare, akacheka, akatusukumia pikipiki mpaka barabarani.

Jioni hema la Cak Sodik halikuwa na nafasi. Habari ilikuwa imetutangulia, kwa sababu Bu Sarinten alikuwa nayo. Huyo naye alikuwa amekataa katakata kuwarudisha kambare wa tangini. Aliwahamishia kwenye beseni kubwa karibu na kisima, eti wanamsikiliza kuliko wapangaji wake. Tulibanana benchini, mimi, Wening na Pak Ponidi, mvua ikaanza kupiga turubai juu yetu.

"Mchoraji anakula nini?" Cak Sodik aliuliza kupitia kelele ya mafuta, na watu wote wakageuka kumsikiliza, maana tangu lile bango, Wening alikuwa hajagusa samaki.

Wening akafikiri. "Kambare."

"Eeeeh!" hema likaunguruma.

"Wewe huna huruma?" Pak Ponidi alimwuliza, ameshangaa kweli.

"Yule namjua," Wening akasema, akivuta sahani. "Huyu hatujatambulishwa." Akamnyofoa, akamchovya kwenye pilipili, akafumba macho kwa utamu.

Mvua ilikuwa imekusanyika juu, turubai limefanya tumbo. Ning Kasmi akachukua mpini wa ufagio, akalisukuma kwa chini kama anavyofanya siku zote, ila alisukuma upande usio sahihi. Maji yote yakashuka kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, juu ya kichwa cha mumewe. Nywele zilizopakwa mafuta zikamlala usoni kama mwani. Wa nje waliokuwa wakimtazama kwenye tundu walipiga mayowe ya furaha, mmoja akaangusha mwavuli wake.

Cak Sodik alisimama akichuruzika, akapangusa jicho moja, akainua sahani iliyokuwa inaelea.

"Nani aliagiza bata?" akauliza.

Pak Ponidi alikuwa amelalia meza, Wening ananipiga mgongo nami nampiga wake, na Ning Kasmi, mwanamke wa maneno machache, alikuwa ameketi juu ya mfuko wa mchele, ufagio mkononi, akicheka bila sauti na machozi yakimtoka.